Tusiwaketishe Wazee Wetu

Masomo: 2 Samweli 17:27-29, 2 Samweli 19:31-39, Zaburi 71:9

Neno la mara hii ni juu ya wazee, na hasa juu ya akili za wazee. Vijana, msiruke ukurasa. Neno hili linawahusu kuliko mnavyofikiri.

Wengi wenu mlisikia kelele za usiku ule, wakati wa baridi uliopita. Mama mzee mmoja wa kanisa letu, ambaye hatutamtaja jina, alitoka nyumbani kwake saa nane ya usiku. Vijana waliokuwa wakirudi makwao walimkuta barabarani, miguu peku, kitenge kimoja kiunoni, kapu kichwani, na ndani ya kapu hamna kitu. Walimwuliza anakwenda wapi. Akajibu kwamba anakwenda shambani Pweto kuchuma sombe kabla jua halijawa kali. Hakuwatambua, ingawa mmoja wao ni mjukuu wa dada yake. Hapo mtu mmoja akapiga kelele: mulozi! Watu wakatoka nyumbani. Mawe mawili yalirushwa kabla mzee wa kanisa hajafika na taa, na moja lilimpata mama begani.

Tunaandika hili kwa aibu, maana waliorusha ni watoto waliokua katika shule yetu ya Jumapili.

Asubuhi yake tulimpeleka hospitalini Kashikishi, sisi wawili wa baraza la wazee pamoja na binti yake. Walimpima malaria kwanza, kama ilivyo desturi huku Nchelenge ambako malaria haimwachi mtu. Hawakuiona. Walimpima presha, nayo ilikuwa juu sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua. Halafu daktari, kijana Mzambia mwenye Kiswahili kidogo alichojifunza kwa wagonjwa, akamwuliza binti, “Mama anafanya kazi gani mchana?” Binti akajibu kwa furaha, kama mtu anayetoa ushuhuda mzuri kanisani, “Dokta, hafanyi kazi yoyote. Sisi tunamheshimu. Anaketi tu.”

“Tangu lini?”

Binti akahesabu kwa vidole. Tangu Kenani, 2017. Kule kwao mama alikuwa analima mihogo, anauza samaki, anaimba katika kwaya, tena alikuwa mshika fedha wa kundi la kina mama. Walipofika Zambia watoto wake walimwambia, Mama, umeteseka inatosha, sasa pumzika. Naye akapumzika, mwaka baada ya mwaka. Mkeka, mlango, kivuli, kisha mkeka tena.

Tulipotoka tulishuka ufukweni kungoja gari. Mnapajua pale, chisense wameanikwa mpaka mchanga hauonekani. Mama mmoja mwenyeji, nywele zote nyeupe, alikuwa akigeuza samaki wake juani huku akibishana na mchuuzi juu ya bei, akihesabu kwacha kichwani upesi kuliko sisi tulio na shule. Upande wa pili wa maji ni Kongo, na kwa kweli tukiwa pale huwa hatupendi kutazama sana. Mama wetu, ambaye asubuhi nzima hakusema neno, aliinama, akaokota chisense mmoja, akamnusa, akamvunja, akasema kwa sauti ya mshika fedha, “Huyu hajakauka.” Na kweli hakuwa amekauka. Mwenye samaki akacheka, akamwita “mayo,” akamsogezea gunia aketi karibu naye. Mama hakuketi. Alisimama akageuza samaki pamoja naye mpaka gari lilipokuja.

Ndipo tukamkumbuka mzee Barzilai, na ndiyo maana tumechagua masomo hayo mnayoyaona juu.

Daudi alipokimbia mbele ya mwanawe Absalomu alikuwa mkimbizi. Aliacha nyumba, akapanda mlima akilia, miguu peku, akavuka Yordani usiku pamoja na watu wake. Kufika Mahanaimu hawana kitu. Watu watatu wakawaletea msaada, na mmoja wao ni Barzilai Mgileadi wa Rogelimu. Someni orodha katika sura ya 17: vitanda, mabakuli, vyungu, nafaka, unga, maharagwe, dengu. Mnaona wenyewe! Ni karibu vitu vile vile tulivyogawiwa Kenani, ila sisi hatukupewa asali wala jibini.

Vita vilipokwisha na mfalme akawa anarudi nyumbani, Barzilai alishuka kutoka Rogelimu kumsindikiza mpaka ng'ambo ya mto. Alikuwa na miaka 80. Biblia haisemi kama alipanda punda. Inasema alishuka na akavuka. Mfalme akamwambia aende naye Yerusalemu, naye atamlisha huko. Tazameni jibu la mzee. Alisema wazi kwamba miaka yake imekuwa mingi, kwamba hatambui tena ladha ya chakula wala kinywaji, kwamba hasikii tena vizuri sauti za waimbaji, na kwamba akili yake haipambanui jema na baya kama zamani. Akaomba arudi katika mji wake, afe karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Mahali pake akamtoa kijana Kimhamu aende na mfalme. Daudi hakukasirika. Alimbusu, akambariki, na hata alipokuwa karibu kufa alimwagiza Sulemani awatendee wema wana wa Barzilai (1 Wafalme 2:7).

Tumeisoma sura hii mara nyingi tukihubiri juu ya ukarimu. Mara hii tuliisoma tukimfikiria mama yetu, na mambo mengine yakaonekana. Kwanza, mzee alitaja udhaifu wa akili yake mbele ya mfalme na mbele ya jeshi zima, wala hakuna aliyeokota jiwe. Pili, mfalme kwa nia njema alitaka kumpa kile kile ambacho sisi tunawapa wazazi wetu: njoo uketi, ule. Na mzee aliona kwamba kwake yeye hicho si kipawa kikubwa. Alitaka mji wake, njia zake, watu anaowajua. Tatu, mtu huyu aliyesema kwamba hapambanui tena ndiye aliyetoa shauri lenye busara kuliko yote katika sura ile. Alijua miaka yake, alijua safari yake ina umbali gani, alijua kijana gani anafaa. Akili ya mzee inaweza kuchoka upande mmoja na kubaki nzima upande mwingine. Mama yetu hakujua yuko nchi gani usiku ule, lakini alijua chisense aliyekauka.

Sasa tuseme juu ya ugonjwa wenyewe, kwa sababu kutojua kwetu ndiko kulikorusha mawe. Kusahau jina la mtu na kulikumbuka jioni, hilo ni la uzee. Kupotea njia ya bomba la maji unapochota kila siku, kushindwa kupika bukari uliyoipika maisha yako yote, kutomtambua mtoto uliyemzaa, huo ni ugonjwa. Waganga wanauita demensia. Ubongo unaharibika polepole, mara nyingi kwa sababu mishipa midogo ya damu imeumia au chembe zake zinakufa. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hali hii si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa nayo, na zaidi ya nusu yao wanaishi katika nchi zisizo tajiri, kama zetu.

Msidhani basi ni ugonjwa wa Wazungu. Kule Tanzania, wilaya ya Hai chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakawapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: asilimia 6.4, yaani karibu mzee mmoja kati ya kila kumi na sita, alikuwa na demensia. Na kwa kuwa wazee wengi wa kule hawakusoma shule, waganga walitengeneza kipimo kisichohitaji kalamu. Mzee anaambiwa ataje majina ya wanyama kwa muda wa dakika moja, au apange njiti za kibiriti kwa mfano aliouona. Hesabuni ninyi wenyewe wazee wa kanisa letu wanaoketi mbele kila Jumapili, mtaona kwamba mama yetu hawezi kuwa peke yake.

Je, unaweza kuzuilika? Hapa inafaa tuseme kwa uangalifu, tusije tukawauzia tumaini la uongo. Mwaka 2024 tume ya wataalamu wa jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari, na ikakadiria kwamba kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Zaidi ya nusu basi hatuna namna, tunamwachia Mungu. Lakini sikilizeni baadhi ya hayo mambo, mwone kama hayakai kwetu: presha ya juu, kisukari, tumbako, pombe nyingi, kichwa kilichopigwa, masikio mazito, macho mabovu, kuketi bila kutembea, huzuni ya muda mrefu, upweke, kukosa shule utotoni. Upweke! Mtu aliyezika watoto wawili njiani, akaachana na jirani wa miaka arobaini, akawekwa mlangoni pa nyumba ambayo kila mtu ametoka kwenda kutafuta maisha. Tunashangaa akili yake ikirudi Pweto usiku?

Wengine kati ya wazee wetu walikimbia mara mbili. Walikuwa Mwange au Kala tangu miaka ya 1999 na 2000, wakarudi nyumbani, wakajenga, halafu mwaka 2017 wakavuka tena. Ardhi ikihamahama chini ya miguu ya mtu namna hiyo, kuna siku hata kijana anaamka asijue yuko wapi.

Tuanze na miguu. Ubongo ni kitu kidogo, karibu asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu sehemu ya tano ya nguvu zote tunazotumia. Chakula chake kinaletwa na damu. Mtu anapotembea mpaka pumzi zinaongezeka kidogo, moyo unasukuma damu, mishipa inanyooka, presha na sukari vinashuka, usingizi unakuwa mzuri. Kule Marekani watafiti waliwafuata wazee 120 kwa mwaka mmoja. Nusu yao walitembea mara tatu kwa wiki, wakaongeza polepole mpaka dakika 40. Taarifa ya mwaka 2011 ilisema kwamba ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ilikua kwa asilimia 2 kwa waliotembea, na kwa wenzao, waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, ikapungua. Tafiti nyingine za baadaye hazikupata matokeo sawasawa, hilo tuliseme. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 lilishauri kutembea na kazi za mwili ili kupunguza hatari hiyo, na kipimo chake ni dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kulima kunahesabika. Kutwanga kunahesabika. Kwenda shamba la jirani kumsalimu, kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, kunahesabika.

Na akili je, inazoezwa? Ndiyo, lakini siyo kama wengine wanavyotangaza. Huko huko Marekani waliwafundisha wazee karibu 2,800 kwa wiki tano au sita, kundi moja mbinu za kukumbuka, kundi moja kufikiri kwa mpangilio, kundi moja wepesi wa kutazama na kuamua. Kila kundi lilifaidika katika lile lililofundishwa, na halikupata sana katika yale mengine. Ni kama mtu anayejenga mkono wa jembe: mkono unapata nguvu, goti linabaki vile vile. Kwa hiyo mzee asifanye zoezi moja tu kila siku. Finland walijaribu kuyaweka yote pamoja, chakula kizuri, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na kuangalia presha, kwa watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77. Baada ya miaka miwili, mwaka 2015, wakatangaza kwamba kundi lile lilifanya vizuri kuliko wenzao waliopewa mashauri tu.

Ninyi mtasema, Finland ni mbali, wana kompyuta. Basi turudi Hai. Kule wazee 34 ambao tayari walikuwa na demensia waliketishwa katika vikundi vidogo, mara mbili kwa wiki, vikao 14. Mpango wenyewe asili yake ni Uingereza, lakini waliubadilisha ufae watu wasiosoma: nyimbo, vyakula vya kwao, hadithi za zamani, michezo, kutaja vitu kwa kuvigusa. Taarifa ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba akili zao zilichangamka na wasiwasi ulipungua. Ni watu wachache, na ugonjwa haukupona. Lakini angalieni dawa iliyotumika ni nini. Ni watu kukaa pamoja na kuulizwa mambo wanayoyajua. Kanisa gani linaweza kusema halina dawa hiyo?

Tunayo hata zaidi. Tunao mchezo wa kisolo, ambao wenyeji wanauita isolo na Watanzania bao. Mashimo ardhini na mbegu, hakuna gharama. Mtu anayecheza kisolo anahesabu mbegu zake, anakumbuka za mwenzake, anafikiri hatua tatu mbele. Wachungaji wa zamani waliukataza wakiogopa kamari, na kweli ukichezewa fedha ni kamari. Bila fedha sisi hatuoni dhambi yake, na mzee wa kanisa anayebisha aje tucheze. Tunayo mistari ya Biblia ya kujifunza kwa moyo, mmoja mpya kila wiki, siyo ile ile Yohana 3:16 tunayoisema hata tukilala. Tunayo lugha ya wenyeji. Nkambo anayejifunza leo kusema “mwashibukeni” na kesho “natotela,” kisha akaenda kununua chumvi kwa Kibemba bila mjukuu wa kumtafsiria, huyo amezoeza ubongo kuliko vidonge vyovyote.

Tukitaja vidonge: sokoni kuna watu wanauza dawa za kuongeza akili, chupa nzuri zenye picha ya ubongo. Msipoteze fedha za mgao. Ule mwongozo wa 2019 unasema vitamini B na E na mafuta ya samaki ya vidonge visishauriwe kwa kusudi la kuzuia demensia. Samaki mwenyewe mleni, ni chakula kizuri.

Na mkumbuke lile la Barzilai, kwamba alikuwa hasikii waimbaji. Masikio mazito ni mojawapo ya yale mambo 14. Mzee asiyesikia huacha kujibu, watu huacha kumsemesha, na akili isiyosemeshwa inalala. Wengine masikio yameziba kwa nta tu, na kliniki wanaweza kuisafisha. Msichokonoe kwa kijiti. Baraza limeamua kwamba kuanzia sasa benchi la wazee litakuwa karibu na kwaya, siyo mlangoni penye upepo kama tulivyolifanya tukidhani ni heshima.

Kwa wale wenye maradhi tunaongeza neno. Anayeumwa kifua au anayehema akiwa ameketi asianze kutembea kabla ya kuonwa kliniki. Anayeanza, aanze na dakika kumi, asubuhi au jioni jua likipoa, amekunywa maji, na fimbo mkononi, maana mzee akianguka na kuvunjika nyonga tumempa hasara kubwa kuliko faida. Na hatuwezi kumwambia afanye mazoezi mtu ambaye tangu jana hajala. Siku ambazo mgao umekwisha, jukumu la kwanza la jirani ni sahani.

Tena, akili ikibadilika ghafula, kwa siku moja au mbili, mzee aliyekuwa mzima akaanza kuweweseka, msiseme ni uzee wala msingoje maombi ya Ijumaa. Inaweza kuwa malaria, au ugonjwa wa mkojo, au kukosa maji mwilini, au kiharusi, na mengi ya hayo yana dawa kama mtu akifika mapema. Ombeni mkiwa njiani.

Sasa lile la uchawi. Tulilinyamazia kwa muda mrefu kwa sababu hata baadhi yetu viongozi tunaliogopa. Mzee anayetembea usiku, anayesema peke yake, anayevua nguo mbele za watu, anayemshtaki mkwe wake kwamba amemwibia unga, mara nyingi ni mgonjwa. Kule Usukuma nchini Tanzania wamama wazee wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na alama waliyotafutiwa ni macho mekundu. Macho ambayo moshi wa kuni wa miaka hamsini uliyafanya mekundu, wakipikia watoto. Sheria ya Zambia inahesabu kuwa kosa kumtaja mtu kwamba ni mchawi. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mtunga zaburi ya 71 alimsihi Mungu asimtupe wakati wa uzee nguvu zitakapopungua. Mungu hakumtupa. Anayetupa ni nani basi, na anatupa mawe?

Vijana wale walikuja mbele ya baraza pamoja na wazazi wao. Hatukuwapiga. Tumewapa kazi: kwa zamu, wawili wawili, wanamtembeza mama yule kila asubuhi mpaka bustani ya kundi la kina mama na kumrudisha. Siku ya kwanza walitembea mbele yake kama wanaofukuzwa. Sasa wanatembea pamoja naye, na mmoja ametuambia kwamba mama anamwita kila siku kwa jina la mjomba wake aliyefia Pweto, naye ameamua kuitika.

Mama hajapona, wala hatukuahidiwa kwamba atapona. Anameza dawa ya presha, binti yake anamhesabia vidonge. Usiku mwingine bado anaamka; wamefunga kengele ndogo ya baiskeli mlangoni ili wasikie. Lakini bustanini amepewa kazi ya kuchambua maharagwe ya mbegu, mazuri huku, yaliyotobolewa kule, na kina mama wanasema hakuna anayemshinda. Mwezi uliopita tulimpelekea sanduku la sadaka ya kundi lao tukitaka kumfurahisha tu. Alihesabu mara mbili, akatutazama, akasema imepungua kwacha tano. Tulirudia kuhesabu, tukakuta ni kweli.

Kuanzia wiki ijayo, kila Jumanne na Ijumaa, baada ya sala ya asubuhi, wazee wote wanaotaka kutembea wakutane mbele ya kanisa. Tutakwenda mpaka barabara kubwa na kurudi, wenye magoti mabaya watageukia kwenye mwembe. Muuguzi amekubali kuja Ijumaa ya kwanza ya kila mwezi kupima presha ya kila mtu mwenye miaka zaidi ya arobaini, kwa hiyo nasi viongozi tutapanga mstari. Kisolo kitakuwa kivulini baada ya hapo; leteni mbegu zenu. Kina mama wazee wameomba watangulie peke yao, kwa sababu, walivyosema, kina baba wanasimama kila mahali kusalimiana na kuwachelewesha.